Kisiwani Hakuna Pa Kutupia

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa idara ya njia katika mkutano wa tawi letu la Pwani. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Mimi si msemaji wa mikutano. Kazi yangu mwaijua: ni kunyosha reli, kubadili mataruma, kushindilia kokoto na kuzibua mifereji. Masomo yangu yaliishia katika shule ya msingi ya misheni. Kwa hivyo nikikosea neno, nisameheni na mshike maana.

Mwezi uliopita, Katibu alipotaja habari za wafagizi wa nyumba zetu, ndugu wengine walinung'unika. Walisema chama ni cha mishahara na saa za kazi, na mambo ya taka yana wenyewe. Siwalaumu, maana hata mimi miaka miwili iliyopita ningesema vivyo hivyo. Leo nataka kuwaeleza jambo lililonigeuza. Nililiona katika kisiwa cha Lamu. Basi nitaanza na Lamu, halafu nitarudi hapa kwetu, na mwisho nitatoa ombi langu mlipigie kura.

SAFARI YANGU

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alitoka kwetu Tana River akiwa kijana akaenda Lamu kukata boriti za mikoko. Kazi ya boriti ilipopungua akaandikwa ufagizi wa mji. Nilipopata habari kwamba mkono wake umeharibika, niliomba likizo nikapanda basi mpaka Mokowe. Hapo barabara imekwisha, na mtu huvuka kwa mashua.

Ndani ya mashua nilikuwa na chupa ya maji ya plastiki. Nilipoimaliza niliitupa baharini, kama nilivyozoea kutupa dirishani mwa behewa. Nahodha alinitazama, akasema, "Ndugu yangu, hiyo uliyoitupa twaenda nayo. Kesho utaiona." Abiria wakacheka. Mimi nikadhani ni mzaha.

Asubuhi yake, maji yalipokupwa, nilishuka na mjomba mpaka pwani. Nikaona chupa, kandambili, vipande vya nyavu, na vifuko vya kila namna vimelala katika tope. Sikuweza kusema chupa yangu ni ipi, lakini nilijua imo.

Mjomba akaniambia, "Mwanangu, ninyi watu wa bara mkitupa kitu mwasema mmekitupa kule. Hapa hakuna kule. Kisiwani kila kitu kiko hapa hapa."

Ndugu, neno hilo ndilo nililorudi nalo.

MJI WENYEWE

Wengi wenu hamjafika Lamu. Ni mji wa kale sana, na mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimebanana, na vichochoro vya katikati ni vyembamba hata gari haliwezi kupita. Mzigo huenda kwa punda, kwa mkokoteni au kwa kichwa cha mtu. Kando ya vichochoro kuna mifereji ya wazi inayotoa maji ya nyumbani kuyapeleka chini baharini. Wazee waliojenga mji ule waliujenga juu ya mteremko, maji yakashuka yenyewe. Mtu wa njia akiutazama mji ule atasema, hawa walikuwa mafundi.

Lakini mifereji ile ilifanywa kwa ajili ya maji. Zamani taka za nyumba ya Lamu zilikuwa maganda ya muhogo, mifupa ya samaki, makuti, jivu na vigae. Vitu hivyo huoza, au huliwa na kuku na mbuzi, au hukaa bila kudhuru mtu. Sasa zimekuja chupa, vifuko vya sabuni, nepi za watoto na betri za tochi. Mji umeongezeka watu na vitu, na kisiwa kimebaki kile kile.

TAKA HUENDA WAPI

Nilikwenda na wafagizi siku tatu, nikaona kwamba taka ya kisiwani ina njia nne tu.

Ya kwanza ni mfereji. Taka ikiingia, maji husimama, na maji machafu yaliyosimama ndiyo makao ya mbu. Mbu wa matende katika pwani yetu huzaana katika maji ya vyoo na mifereji michafu. Mtu hutupa kifuko leo, na ugonjwa ukija hukumbuki kile kifuko.

Ya pili ni moto. Wengi wetu twaona moto kuwa ni usafi. Lakini plastiki ikichomwa penye moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, na moshi ule huingia kifuani mwa yule anayekoroga moto na mwa watoto wanaochezea karibu.

Ya tatu ni jaa. Jaa la kisiwani haliwezi kuwa mbali. Upepo ukivuma, taka hurudi mjini; mvua ikinyesha, maji yake hushuka ardhini kwenye visima. Punda nao hula humo. Punda akila kifuko, hakiyeyuki. Hujifunga tumboni mpaka mnyama aanguke. Lamu kuna zahanati ya punda tangu mwaka 1987, na hayo ni mambo waganga wa wanyama wanayajua sana. Kwa mwenye punda, mnyama huyo ndiye lori lake na ndiye mshahara wake.

Ya nne ni bahari, na habari yake nimekwisha kuwaambia katika mashua.

Serikali ilisaidia kiasi. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikatazwa katika Kenya nzima, na faini iliwekwa ya kutoka shilingi milioni mbili mpaka milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja mpaka minne. Twakumbuka jinsi tulivyolalamika, tukadhani hatutaweza kwenda sokoni. Tuliweza. Sasa twabeba vikapu na mifuko ya kitambaa. Lakini chupa na vifuko vya bidhaa viwandani vilibaki, na hivyo ndivyo vilivyojaa pwani.

MCHANGA NA MITI

Sasa nitasema juu ya jambo ambalo sikulitazamia. Mjomba alinipeleka Shela, kijiji kilicho upande wa kusini wa kisiwa, akanionyesha vilima vya mchanga. Nilidhani ananionyesha mahali wageni wanapotembea. Akasema, "Hapa ndipo maji ya mji."

Sikuelewa, akanieleza. Mvua ikinyesha juu ya mchanga ule haikimbii baharini. Huzama polepole, na chini huikuta maji ya chumvi. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hivyo hukaa juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vinavyonywesha mji huchota katika maji hayo matamu. Ukichota kupita kiasi, au ukijenga juu ya vilima mvua isipate pa kuingilia, maji ya chumvi hupanda, na kisima hakifai tena. Na ukizika taka pale, utakunywa maji ya taka zako.

Ng'ambo ya mkono wa bahari, katika kisiwa cha Manda, kuna magofu ya mji uitwao Takwa. Ulikuwa mji wenye msikiti mkubwa na ukuta, na watu wake waliuacha katika karne ya 17. Wachunguzi hutaja kwamba sababu moja huenda ikawa maji ya visima kugeuka chumvi. Watu wa Shela husema wazee wao walitoka huko. Kwa hivyo wanapokataza watu kujenga juu ya mchanga, wana sababu.

Na mikoko ni vivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti ya Lamu. Mjomba alinitajia aina zake jinsi sisi tunavyotaja aina za reli: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, muia, mlilana. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na maji, huvunja nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo na kamba hukulia humo. Mkoko ukikatwa bila kupandwa mwingine, mvuvi atalia kabla ya mwenye boriti. Na taka ikinasa katika miche michanga, huifunika ikafa.

Ndugu wa idara ya njia watanielewa nikisema hivi. Mtu asiyejua kazi yetu akiona kokoto chini ya reli hudhani ni pambo, au ni mawe yaliyobaki. Sisi twajua kokoto ndizo zinazobeba mzigo na kupitisha maji. Zikijaa tope, taruma hulegea, reli hucheza, na siku moja gari litaanguka. Basi mchanga wa Shela, na mikoko, na mti wa kivuli mbele ya nyumba, ndizo kokoto za mji. Watu hawazioni zikifanya kazi mpaka zitakapokosekana.

WALIYOYAFANYA WENYEWE

Sitaki mdhani kwamba Lamu ni kilio tu. Niliona watu wakifanya mambo.

Mafundi wa jahazi wa Lamu, chini ya fundi Ali Skanda, walisaidiwa na wenzao wakaunda jahazi la plastiki iliyookotwa. Liliingizwa majini mwaka 2018. Urefu wake ni karibu mita 9, na ndani yake kuna karibu tani 10 za plastiki. Ubavuni limevikwa kandambili kuukuu karibu 30,000 za rangi rangi. Plastiki ilichaguliwa kwa aina zake, ikayeyushwa, ikatiwa katika kalibu ikawa mbao na mataruma, na mafundi wakaichonga kwa zana zile zile za kuchongea mti. Jina lake ni Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, na mwaka 2021 lilipelekwa ziwa la Victoria, likaanzia Kisumu, mji wetu wa reli.

Jahazi moja halimalizi taka za bahari, na wenyewe hawakusema litamaliza. Lakini liliwafundisha watu mambo mawili. La kwanza, kilichoitwa taka kinaweza kuwa mali, ikiwa kimetengwa kingali safi. Chupa iliyochanganyika na mabaki ya samaki hakuna atakayeitaka. Chupa iliyooshwa ina mnunuzi. La pili, kazi hiyo ina ujuzi ndani yake. Mtu anayejua aina hii ya plastiki na aina ile, na ipi huyeyuka na ipi huungua, si mwokotaji taka; huyo ni fundi.

Tena niliona akina mama wakipanda miche ya mikoko wakati maji yamekupwa, wamezama mpaka magotini. Niliona mzee mmoja mwenye shamba la minazi na miembe nyuma ya mji, akikusanya samadi ya punda vichochoroni kila asubuhi. Aliichanganya na majani na maganda, akaifunika, akaigeuza kila juma. Baada ya kama miezi mitatu huwa udongo mweusi usio na harufu. Nilimwuliza, "Mzee, hulipwi kwa kufagia?" Akajibu, "Nalipwa na maembe."

MKONO WA MJOMBA

Sasa nifike kwenye jambo lililonipeleka, maana hili ndilo la chama.

Siku moja mjomba alishika gunia la taka za jikoni. Ndani, katikati ya maganda, mtu alikuwa ametia chupa ya kioo iliyovunjika. Kioo kilimkata kiganja mpaka kwenye mshipa. Hakuwa na glavu, maana hakupewa. Alijifunga kitambaa, akamaliza zamu, akaenda nyumbani. Hakudungwa sindano ya pepopunda, wala hakumwambia mnyapara. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Mpwa wangu, mimi ni kibarua. Kibarua akisema ameumia, kesho haitwi."

Jeraha lilipona vibaya, na vidole viwili havikunjiki tena. Nilipofika ulikuwa umepita mwaka na miezi kadhaa. Aliyemwandika kazi simtaji hapa. Ila nasema kwamba mjomba alikuwa amefagia mji ule kwa miaka sita, siku baada ya siku, na bado akiitwa kibarua wa siku.

Niliporudi nilimwendea Katibu wetu, akanifungulia vitabu vya sheria. Nikajifunza mambo matatu, nami nawapa ninyi kama nilivyopewa.

Kwanza, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mtu anayeitwa kibarua lakini amefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au kazi yenyewe si ya kumalizika kabla ya miezi mitatu, anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyi kazi wa mwezi na kupata haki zake. Na kufagia mji hakumaliziki kwa miezi mitatu. Hakumaliziki kabisa.

Pili, sheria ya usalama kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awape watu wa kazi ya hatari mavazi ya kujikinga. Glavu na viatu si zawadi ya mwajiri mwema.

Tatu, kuna sheria ya fidia ya kuumia kazini, nayo pia ni ya 2007. Haki ya fidia hufa ikiwa mwajiri hakupashwa habari ya ajali ndani ya miezi 12. Ndugu, mjomba wangu alikuwa na haki, akaipoteza kwa kunyamaza. Hakuijua, na hakukuwa na mtu wa chama wa kumwambia. Nami mpwa wake, mwanachama anayelipa ada kila mwezi, nilikuwa sijui. Jambo hilo laniuma mpaka leo.

HAPA KWETU

Mtasema, hiyo ni Lamu, na sisi hatukai kisiwani. Basi nawakumbusha ile mvua kubwa ya mwisho wa mwaka 2023.

Usiku ule tuliitwa watu wanane kwenda kuzibua kalvati iliyo nyuma ya nyumba zetu. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kokoto, na upande wa pili yalikuwa yameingia katika nyumba sita. Tuliingia na majembe na kulabu. Hatukukuta jiwe wala gogo. Tulitoa chupa, nepi, magunia ya taka, na godoro zima. Na ndani ya gunia moja tulikuta daftari la hesabu la shule, lenye jina la mtoto wa nyumba zetu hizi. Jina silitaji, kwa maana lingeweza kuwa la mtoto wangu. Taka zilizotugharikisha hazikutoka mbali. Zilitoka jikoni mwetu, zikatembea mita mia mbili, zikatungoja pale.

Basi sisi nasi twakaa kisiwani. Upande huu kuna reli, upande ule kuna barabara, na nyuma kuna ukuta. Twasema tumetupa kule, na kule ni nyuma ya nyumba ya mwenzetu.

Kisha tazameni uwanja wetu. Zamani palikuwa na miarobaini na mwembe. Moja moja ilikatwa, pengine kwa kuni, pengine ili kupata mahali pa kibanda, na hakuna aliyepanda mwingine. Sasa mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama, hukimbia yote pamoja kwenye kalvati ile. Jua likiwaka, watoto hawana kivuli ila kivuli cha ukuta.

Tangu nitoke Lamu nimejaribu jambo nyumbani kwangu. Tuko watu watano. Kwa juma moja mke wangu na mimi tuliweka ndoo mbili: moja ya maganda, majani na mabaki ya chakula, na ya pili ya vitu vikavu. Katika ndoo kumi zilizojaa, sita zilikuwa za vitu vinavyooza. Nusu na zaidi ya taka zetu ni mbolea tunayoilipia mtu aitupe! Na zile kavu, chupa na makopo tuliyouza yalitupa pesa ya unga, si nyingi, lakini hazikuwapo kabla. Kilichobaki kwa mfagizi kilikuwa ndoo moja na kidogo, tena kisicho na kioo ndani, maana kioo tulikifunga peke yake.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 yataka taka zitengwe, zinazooza mbali na zisizooza, katika vyombo vyenye alama. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kazi ya kuzoa taka imewekwa katika mikono ya kaunti. Kwa hivyo tukidai gari la taka lije kwa siku zake, hatuombi sadaka. Lakini hatuwezi kumdai mwingine huku gunia letu limelala katika kalvati.

Sasa wafagizi wetu. Ni watu wanne, wawili wao ni akina mama. Wameandikwa na mtu wa kandarasi, na mmoja ameniambia kwamba glavu alizonazo alizinunua mwenyewe sokoni. Wanaitwa vibarua, na wamo humu mwaka wa tatu sasa. Ndugu wengine husema hao si watu wa reli. Nami nawauliza, mwezi wa Januari mwaka 1947, Mombasa ilipogoma, ni watu gani waliosimama? Walisimama watu wa bandari na watu wa reli, na pamoja nao wafanyi kazi wa mahoteli na watumishi wa nyumbani. Hakuna aliyeuliza wewe unafagia au unaendesha gari la moshi. Nguvu ya siku ile ilitoka hapo.

OMBI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuwachosha. Naomba mkutano huu ukubali mambo manne.

La kwanza: kila nyumba iweke ndoo mbili, ya vinavyooza na ya vikavu, na kioo, wembe na sindano vifungwe peke yake katika kopo. Hili halihitaji fedha. Lahitaji aibu kidogo tu ya kumkata mwenzako mkono.

La pili: tuchimbe mashimo mawili ya mbolea upande wa mashariki, penye kivuli cha ukuta. Tusitie nyama, wala mifupa, wala nepi. Tutie maganda, majani makavu na jivu kidogo, tuyanyunyizie maji, na tuyageuze kwa zamu kila Jumamosi. Watu wa njia tuna majembe na tuna mikono. Moto wa uani ukome.

La tatu: mbolea ile ipandishe miti. Tupande kumi kabla ya mvua za masika, na kila mti upewe nyumba ya kuutunza. Mti usio na mwenyewe huliwa na mbuzi.

La nne, na hili ndilo kubwa kwangu: Katibu aandikiwe barua na mkutano huu awaendee wale wafagizi wanne. Ikiwa katiba ya chama chetu yaruhusu, waingie kwetu. Ikiwa hairuhusu, tuwapeleke kwenye chama kinachowafaa, na siku ya kumkabili mwenye kandarasi juu ya glavu, viatu na barua za kazi, wajumbe wetu wawili wakae nao. Na kuanzia kesho, yeyote kati yao akiumia, habari iandikwe siku ile ile, na mmoja wetu atie sahihi kuwa shahidi.

Najua kuna atakayesema tuanze na hayo matatu, la nne lingoje. Namsihi asiseme hivyo. Ndoo mbili na miti kumi zitatupa uwanja mzuri. Lakini ikiwa uwanja mzuri umefagiwa na mtu asiye na glavu, tutakuwa tumetupa taka zetu juu ya mikono ya mwingine, tukasema tumetupa kule.

Nilipoagana na mjomba pale gatini, alinipa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kuume haukamati vizuri. Nilipanda mashua. Nilikuwa na chupa ya maji, na safari hii nilifika nayo mpaka nyumbani.

Umoja ni nguvu.

(Katibu aongeza: Mambo yote manne yalikubaliwa kwa kura. Jambo la nne lilijadiliwa kwa muda mrefu, nalo lilipita. Wanaotaka kuandikwa katika zamu ya Jumamosi waje ofisini na majina yao.)